Picha ya Mzinga Niliyoitoa Ukutani

Cheyo, Tabora
Jumamosi mchana

Maganga, baba yangu,

Wewe na baba yako mmekwenda Ipuli kumuaga shangazi yako, na mimi nimesema mguu unaniuma. Mguu hauniumi. Nilitaka nyumba iwe tupu nikae na karatasi hii, na tangu mtoke nimekwisha kuinuka mara nne: kuangalia maharage, kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa, kukunja upya shati ulilolikunja mwenyewe vizuri tu, na mara ya nne sikumbuki nilifuata nini. Treni yako ni kesho. Nikingoja kukuambia kwa mdomo, najijua, nitaishia kukuambia habari za blanketi.

Basi za blanketi naziacha. Una miaka ishirini na sita, ukisikia baridi utajifunika. Kula utakula, na kanisani utakwenda au hutakwenda, hayo mtaelewana wewe na Mungu na baba yako. Mimi nina jambo moja. Nimelibeba miaka tisa, na sasa naona unataka kuondoka nalo kwenye begi lako bila kujua umebeba nini.

Ukirudi utaona ukutani sebuleni, juu ya redio, pana mraba uliokolea rangi kuliko ukuta wote. Ile picha ya jalada la ripoti yangu nimeitoa. Iko chini ya kitanda changu, uso umeelekea sakafuni. Baba yako akiuliza mwambie fremu ilikuwa inalegea.

Nianzie siku ile uliyoniita mezani, mwezi uliopita. Ulikuwa umemaliza programu yako, hii waliyokuajiri Dar es Salaam ukaiendeleze. Nilishakusikia ukiieleza mara nyingi, nikawa naitikia tu kama mtu aliyeketi kwenye ibada ya lugha asiyoijua. Mtu anaingiza ripoti ya haki za binadamu, yenyewe inakwenda kupekua magazeti, maswali ya wabunge, hukumu za mahakama, vipindi vya redio na maneno ya watu mtandaoni, kisha inakuonyesha ripoti ile imefika wapi na imebadilisha nini. Siku ile niliielewa kwa macho. Uliandika jina la ripoti yangu ya wajane, ramani ikatokea, nukta ya kijani ikawaka Ipole, wilayani Sikonge, na kutoka hapo ikaanza kuchomoza mistari ya kijani: mmoja ukaja Tabora mjini, mmoja Dodoma, mmoja Dar, mingine Nzega na Igunga. Ukanigeukia na uso wako wote ukiwa unacheka.

"Mama, tazama ulichofanya."

Nikasema vitunguu vinaungua, nikaenda jikoni. Siku ile hapakuwa na kitunguu hata kimoja jikoni. Nilisimama nimeshika ukingo wa meza, nikakusikia ukimwambia baba yako kwamba mama analia kwa furaha. Nikakuacha uamini hivyo.

Halafu kwenye chakula cha jioni ukasema Jumatatu yako ya kwanza Dar utaionyesha programu mbele ya watu wa mashirika mengi, na ripoti yangu ndiyo itakuwa mfano. Picha ya jalada itajaa ukuta mzima, ukasema, na baadaye itawekwa kwenye tovuti kila mtu aione. Ulikuwa unanipa zawadi. Tangu jioni ile sijatulia, na wewe umekuwa ukidhani ni kwa sababu unaondoka. Ni kwa sababu unaondoka pia, usidhani moyo wangu ni wa jiwe.

Sasa nisikilize. Unajua ile ripoti ilihusu nini: wajane wanaonyang'anywa mali waume wakishafariki. Mle ndani kuna mwanamke wa Ipole anayeitwa Tumaini. Mimi ndiye niliyempa jina hilo, kumficha, na hata humu nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake la kweli sina ruhusa nalo. Mumewe alikuwa mrina asali. Alipofariki, shemeji zake walichukua shamba, wakachukua baiskeli, wakaanza kuiteremsha na mizinga iliyokuwa msituni. Tumaini alikuja mwenyewe kwenye ofisi ya shirika letu Tabora, amevaa kanga ya msiba bado, akaniuliza mimi ndiye dada anayeandika. Nikasema ndiye. Nilifurahi kuulizwa hivyo, nakiri.

Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu alinitoa nje akanionyesha mzinga mmoja aliokuwa ameuficha nyuma ya kibanda, chini ya nyasi, kabla shemeji hawajaufikia. Akaugeuza ili nione alama ya mumewe iliyochongwa ubavuni. Akasema, "Hii hapa, dada. Hii wakikataa yote, hawawezi kuikataa." Nikamwomba nipige picha. Akasema piga. Akaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, nikaeleza yote kama tulivyofundishwa: jina litabadilishwa, uso hautaonekana.

Wewe umekulia mjini, asali umeijua ikiwa kwenye chupa. Kule porini mzinga hauna hati wala risiti. Una alama. Kila mrina ana ya kwake, mizinga yake inaweza kutawanyika mwendo wa siku mbili na hakuna atakayeigusa, kwa sababu kila anayepita anajua ni ya nani. Watu wa kule wanaisoma alama kama wewe unavyosikia mtu akikohoa nje ukajua ni baba yako. Babu yako, huyo uliyerithi jina lake, alikuwa na yake. Niliijua kabla sijajua a, e, i, o, u. Nilikuwa naichora mchangani kwa kidole, ananicheka, anasema mtoto wa kike huyu atatuibia mizinga.

Nimeinuka tena. Maharage yameiva, nimeepua.

Ulipofika wakati wa kuchapa, tulikaa na mtu wa uchapaji tukichagua picha ya jalada. Tulikuwa na mgongo wa mwanamke, mikono ya mwanamke, sufuria, mlango uliofungwa. Ndizo picha zetu siku zote, watu wa kazi hii tunapiga migongo kama vile nchi nzima inatukimbia. Halafu ukatokea ule mzinga. Mwanga ulikuwa umeupiga vizuri ubavuni, ile michongo ikakaa kama pambo. Yule bwana akasema hii ndiyo. Na mimi nikasema hii ndiyo, kwa sababu nilimkumbuka baba yangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Sikuichagua kwa uzembe. Niliichagua kwa mapenzi.

Nilishtuka kidogo, sitakuficha. Kitu kilinigusa, kikasema Adelina, alama hiyo ni jina la mtu. Nikakijibu kwamba watu wa Ipole hawasomi ripoti.

Na kweli hawakuisoma. Walilitazama jalada tu.

Niliipeleka mwenyewe. Kwetu ilikuwa desturi, na bado naamini ni desturi nzuri, kwamba ukichukua habari za watu unarudi kuwaonyesha ulichoandika. Nikaenda na boksi la nakala hadi ofisi ya kata, nikaagiza soda, nikavaa lile gauni langu la kitenge cha bluu. Nikagawa kwa mikono yangu. Mzee mmoja kwenye benchi la mbele alipokea nakala yake, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena, akamsogezea mwenzake. Yule naye akatazama. Ukumbi ukanyamaza kuanzia mbele kwenda nyuma. Nilidhani ni heshima, baba. Nikaanza kuhutubia. Nikamwona Tumaini, aliyekuwa amekaa nyuma na akina mama, anajifunga kanga vizuri, anainuka, anatoka. Nikawaza labda ana mtoto anayeumwa. Sikumfuata, soda zilikuwa hazijagawiwa.

Mjini ripoti ilivuma. Hayo unayajua, mistari yako inayaonyesha na haisemi uongo. Redio iliisoma, mbunge mmoja aliuliza swali, wilaya ikawaagiza watendaji wa kata wasikubali mjane kutolewa nyumbani kabla shauri halijasikilizwa. Kuna mama wa Ziba aliyerudishiwa ng'ombe wake kwa agizo lile. Kila Krismasi hunitumia ujumbe wa salamu, na kila Krismasi nausoma nikiwa nimesimama, siwezi kuusoma nimekaa.

Miezi miwili baadaye nikatumwa Ipole na fomu ya ufuatiliaji. Wafadhili walitaka kujua athari. Nilikuta nyumba ya Tumaini haina mlango. Si kwamba ulikuwa wazi, haukuwepo, hata bawaba zilikuwa zimeng'olewa. Jirani yake akanieleza akiwa anapepeta mahindi, bila kuniangalia. Shemeji walikuja asubuhi baada ya mkutano wangu. Walisema amemuuza marehemu kwa watu wa mjini, amelitoa jina la ukoo wao likachapwe kwenye karatasi pamoja na maneno ya wizi. Wakautoa ule mzinga wa mwisho nyuma ya kibanda, maana sasa kila mtu alijua upo, wakaichonga ile alama kwa panga mpaka ikaisha, wakauacha pale pale uwanjani. Hawakumpiga. Jirani alisema hilo mara mbili, kana kwamba ananipa kitu cha kwenda nacho. Tumaini aliondoka na binti yake hata hakuaga.

Nilirudi kwenye gari nikajaza fomu mapajani. Kulikuwa na swali: je, ripoti imeleta mabadiliko katika maisha ya mhusika? Ndiyo au hapana, visanduku viwili. Nikaweka tiki kwenye ndiyo. Njia nzima kurudi Tabora nilikuwa najitetea kwamba sijadanganya, mabadiliko yalikuwepo, na yalikuwa makubwa.

Mwaka jana uliniomba fomu zetu za zamani ili uifundishe programu yako. Nikakutolea lile boksi kabatini, nikakaa nakutazama ukizipiga picha moja moja hapo sakafuni, na ile ya Ipole ilikuwa mle. Ile nukta ya kijani pale Ipole, Maganga, haikutoka gazetini wala bungeni. Ni mimi. Programu yako iliniamini kwa sababu na wewe uliniamini.

Nimetoka nje kidogo, nimezunguka nyumba. Mama mmoja jirani ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Tumaini nilimwona tena miaka minne iliyopita. Nilikuwa nasafiri kwa treni, na stesheni sitaitaja. Treni ilisimama, wauzaji wakaja madirishani na mabeseni yao, na mmoja wao akanyanyua uso akanitazama. Alikuwa amekonda. Alipaswa kunitukana, nilikuwa tayari kutukanwa. Badala yake akasema, "Shikamoo, dada." Mpaka leo sijui kama niliitikia marahaba.

Nikamwambia nilikwenda kumtafuta. Nikamwambia sikujua. Akasimama na beseni lake kichwani, akaniacha nimalize uongo huo wa pili, kisha akasema taratibu tu, kama mtu anayerekebisha hesabu ya mtoto:

"Jina langu ulilificha vizuri, dada. La mume wangu ukalibandika juu."

Nikamuuliza nifanye nini. Nilifungua mkoba, sijui nilitaka kutoa nini, kalamu labda, ndicho kitu mkono wangu unachokijua. Akaiona ile kalamu. "Usiniandike tena," akasema, na treni ikavuta, na yeye akasogea dirisha la pili kuuza.

Nilifika nilikokuwa nakwenda, nikarudi, nikapita sebuleni, picha ikiwa ukutani pale juu ya redio, na sikuitoa. Miaka minne mingine. Wageni walikuwa wanaisifia. Wewe ulikuwa unawaambia hiyo ni kazi ya mama. Nilikuwa na aibu, lakini nilikuwa napenda namna unavyosema "kazi ya mama", na kati ya viwili hivyo nilikuwa nachagua kila siku. Sikuwahi kujua kuwa mtu anaweza kuchagua kitu kibaya kila siku huku anapika, anakwenda kanisani, analala.

Sikuambii uiache kazi hii. Nikikuambia hivyo nitakuwa nakimbia tu. Dunia inahitaji kujua kama maneno yetu yanafika mahali, la sivyo tutaandika mpaka tuzeeke tukijipongeza kwa soda. Ila nimekuwa nikimfikiria babu wa babu yako, yule aliyekuwa mpagazi, aliyebeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani. Babu yako alikuwa akitusimulia kwamba huko Bagamoyo walihesabu mizigo iliyofika. Aliyeanguka njiani, mzigo wake uliinuliwa na mwingine, ukafika, ukahesabiwa, na hesabu ikawa kamili. Nilipoiona ramani yako, ile mistari ikitoka Tabora kwenda baharini, nikaona njia ile ile. Pale mezani nilitaka kukuuliza safu ya walioanguka iko wapi, nikakimbilia vitunguu.

Ninaloomba ni dogo, na kwako litakuwa gumu, kwa sababu Jumatatu ni keshokutwa na najua umeshapanga kila kitu.

Picha iondoe. Usiifiche pembeni wala usiipunguze, iondoe kabisa, kwenye onyesho, kwenye tovuti, kwenye kompyuta yako. Mwanamke huyu amejenga maisha mahali pengine, ana beseni lake na binti yake ambaye sasa ni mtu mzima. Picha ile ikizunguka kwenye simu za watu, siku moja itaingia kwenye simu ya mtu anayeijua alama ile, aliyeketi jirani na dirisha la treni. Mimi niliipeleka Ipole kwa boksi. Wewe ungeipeleka kila mahali kwa kidole kimoja.

Umeona pia kwamba alama yenyewe sijakuelezea ikoje. Ulikuwa unapita mbele yake kila siku, jitahidi kuisahau.

Nimesoma tangu mwanzo, nimefika pale nilipokuambia umdanganye baba yako kuhusu fremu. Usimdanganye. Tazama nilivyo, hata kwenye barua hii nimeanza kwa kukufundisha uongo. Akiuliza mwambie mama atasema. Nitamwambia kesho tukitoka kukusindikiza stesheni, tukiwa njiani, maana nikifika nyumbani nitapata kazi ya kufanya.

Nasikia sauti ya baba yako huko kwenye kona, anasalimia nusu ya mtaa. Naharakisha.

Ile nukta ya Ipole nilikuwa nataka uifute, nikabadili mawazo. Ukiifuta, ripoti yangu itabaki ya kijani, na mimi nitabaki mama wa kwenye ukuta. Ibadilishe rangi. Watakuuliza Jumatatu kwa nini mfano wako mzuri una doa jekundu katikati, na wewe utataka kunilinda, nakujua, utasema ni kosa la takwimu za zamani. Usiseme hivyo. Sema aliyetupa ushahidi wake alifukuzwa kwao kwa sababu ya jalada, na aliyechagua jalada alijua, na baadaye akajaza ndiyo. Yule mwanamke usimweleze zaidi ya hapo, alikataa kuandikwa, na mimi nimeshavunja neno lake tena kwa kukuandikia wewe. Wakitaka jina, lipo moja tu la kuwapa. Hilo usilibadilishe wala usiandike kwamba si jina halisi.

Ni mimi mama yako,

Adelina Misigalo, binti wa Maganga mrina asali